Maski ya snokeli kwenye supu ya mchicha: siku yetu ya visiwa kutoka Entebbe

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari pale Jinja, Kiswahili tulikinywa pamoja na uji, na Ziwa Viktoria tulikuwa tunaliona kila siku ya Mungu lakini kuligusa, hapana. Mama alikuwa anasema kuna mamba, kuna kichocho, kuna majini, haya chagua kipi kikumalize. Kwa hiyo nimefika miaka arobaini na kitu sijui kuogelea, na nikisema hivyo watu wa nje wanashangaa, ati unakaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika halafu hujui kuogelea? Ndiyo. Na si mimi peke yangu, uliza mtu yeyote Kampala hapa, ziwa kwetu ni mahali samaki anatoka, na Jumapili unakaa ufukweni unakula huyo samaki huku muziki unapiga, basi, kukanyaga maji tunawaachia watoto.

Sasa chama chetu cha akiba, wanawake kumi na mmoja, wengi wetu watu wa Kiswahili, watoto wa kambi kama mimi, Wanubi wawili wa Bombo, Mkongo mmoja, na Hajati wetu ambaye ni Mmasaba lakini amekaa Mombasa miaka mingi mpaka Kiswahili chake kina chumvi ya bahari. Disemba tuligawana pesa, kikabaki kitu kidogo kwenye sanduku ambacho hakigawanyiki vizuri, mwenyekiti akasema hizi hela tusizile kwa pilau tena, safari hii twende mahali. Kuna mtu akaona tangazo la boti ya spidi, siku nzima, visiwa vitatu, sokwe, chakula, kuogelea. Picha ilikuwa boti nyeupe yenye paa na viti kama vya ndege. Tukachanga nyongeza, tukalipa nusu.

Wiki hiyo hiyo binamu yangu akaja kutembea. Yeye ni wa Shimoni, pwani ya Kenya kule chini karibu na mpaka wa Tanzania, shangazi yetu aliolewa huko. Kazi yake ni kupeleka wageni Kisite na Wasini, wanaona pomboo asubuhi halafu anawashusha kwenye matumbawe wanapiga snokeli, yaani wanaelea uso ukiwa majini na maski, wanapumua kwa mrija. Akaja na maski mbili na mirija yake kwenye begi, nikamuuliza za nini, akasema dada si umesema mnaenda visiwani? Nikacheka sana. Lakini rohoni nikasema, na mimi siku moja nichungulie chini ya maji kama watu.

Safari hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, maana baada ya hapo watu wengi wameniuliza ilikuwaje na kama waende. Nendeni. Lakini msiende kama sisi.

Tuliambiwa tuwe pale saa moja asubuhi, karibu na Kigungu, nyuma ya uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya kichwa mpaka unainama. Ndiko wale wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walitua Februari 1879 na mitumbwi, kuna mnara pale, na Mkongo wetu ambaye ni Mkatoliki wa kweli akataka kwenda kupiga picha kwanza, na kumbe muda alikuwa nao mwingi tu. Saa moja tulifika, boti haipo. Saa mbili, boti imekuja, si nyeupe, haina viti vya ndege, ni ya faiba rangi ya bluu iliyochoka, mbao za kukalia zimewekewa mito, na paa ni turubai. Sawa, hiyo tungemeza. Halafu tukaambiwa tusubiri mafuta. Yaani watu kumi na mbili wamelipa wiki mbili kabla na mafuta ya kuendea hayajanunuliwa.

Nilikaa na nahodha tukapiga hesabu nikiwa nasubiri, kwa sababu mimi ni mtu wa duka na nikiona kitu lazima nijue kinakula kiasi gani. Boti ilikuwa na injini mbili, kila moja farasi 75, ukifungua zote zinakunywa lita kama hamsini na kitu kwa saa moja. Safari yetu yote ni zaidi kidogo ya saa mbili za injini, kwa hiyo weka madumu sita ya lita 20. Petroli ikiwa elfu tano na kitu lita, hapo hujafika popote na laki sita zimeishakwenda majini. Ndipo nikaelewa kwa nini wale jamaa wanapenda kusema "kisiwa cha tatu tutaona", kwa sababu kisiwa cha tatu ni dumu moja na nusu mfukoni mwao. Kwa hiyo ukilipia, uliza mafuta ya visiwa vyote yako ndani ya bei ama yanategemea hali ya hewa, na waandike. Sisi hatukuandikisha. Tutafika huko.

Laifu jaketi sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Mafuta yalipofika vijana wakaanza kutupa majaketi, mwenyekiti akahesabu, kumi na mbili. Sisi na binamu ni kumi na wawili, nahodha na vijana wake wawili, kumi na watano. Na kati ya yale kumi na mawili, mawili yalikuwa ya watoto, ukivaa yanaishia hapa kifuani, na moja mkanda wake umefungwa na kamba ya kiatu. Kijana akasema nnyabo, yaani mama, msijali, sisi tunajua kuogelea. Hajati hakupandisha sauti. Alikaa tu kwenye jiwe akatoa tasbihi, akasema mimi 2018 nilizika. Ile boti ya starehe iliyozama Novemba 2018 karibu na Mutima kule Mukono, ile iliyoua watu zaidi ya 30, alikuwa na kijana wa jirani yake ndani. Ilijaa kupita kiasi na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Ilikuwa karibu kabisa na nchi kavu, watu wanaona taa za pwani. Akasema mtu mmoja mmoja na jaketi lake linalomtosha ama nirudishieni pesa yangu nikanunue kuku.

Ikabidi kijana akimbie kwenye ufuo wa jirani kuazima. Dakika arobaini. Wengine wetu tulianza kununa, mweka hazina hasa, ana haraka yule mama hata kwenye mazishi, akawa anasema kwa sauti kwamba Hajati anatuchelewesha na sokwe wanakula saa tano. Na kweli tulikuwa tumechelewa. Lakini jioni wakati tunarudi, nilimwona mweka hazina huyo huyo ameshika mkanda wa jaketi lake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika usukani.

Kupanda nako. Maji ya ziwa yalipanda sana 2020 yakameza fukwe nyingi za Entebbe, na mpaka leo sehemu nyingine gati hamna au limebaki nguzo tu, kwa hiyo boti inasimama mbali kidogo na nyinyi mnaingia majini hadi magotini, katikati ya matete, ama mnabebwa mgongoni na vijana kwa elfu mbili. Hajati alibebwa. Alibebwa kama sultani, amekaa wima, mkoba mkononi, na hakuna aliyethubutu kupiga picha. Sisi wengine tulipandisha madira tukapita. Yakumbukeni haya matete.

Binamu akanishika mkono kabla sijakaa. Mimi nilikuwa naenda mbele kabisa, si ndiko kuna upepo na picha nzuri? Akasema, "Dada, kaa tezi. Omo itakuvunja kiuno." Sikuelewa mpaka alipoonyesha kwa kidole, nyuma ni tezi, mbele ni omo. Wale watatu waliokaa mbele kwa ajili ya picha, Mungu awasaidie, kila wimbi boti inanyanyuka pua halafu inashuka paa! wanarushwa juu wanarudi kwenye ubao, mmoja wao mpaka wiki iliyofuata alikuwa analala kwa tumbo. Huku nyuma karibu na injini unasikia kelele na harufu ya petroli kidogo lakini unakaa. Na kama una mimba au mgongo mbovu usiniulize mara mbili, panda ile feri kubwa inayotoka Nakiwogo kwenda Kalangala, inachukua saa tatu na nusu hivi lakini unakunywa soda haimwagiki.

Vitu vingine vidogo nisije nikasahau. Boti haina choo, nendeni kabla, na msinywe chai nyingi kama mimi. Simu iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, kaveera ya kawaida, ile ya plastiki, inaingiza. Kitambaa cha kichwa funga kwa pini la sivyo ni sadaka kwa ziwa. Na jua, jamani, sisi watu weusi tunadhani jua ni la wazungu, jua la ziwani linakupiga kutoka juu na linakupiga tena kutoka chini kwenye maji, pua yangu ilibambuka siku tatu.

Kama dakika ishirini hivi nahodha akapunguza mwendo akasema tumefika ikweta. Tukatoa simu, kweli namba zikawa zinashuka sifuri sifuri sifuri halafu ikageuka kutoka kaskazini kuwa kusini. Hakuna kitu pale, maji tu. Barabara ya Masaka wamejenga duara watu wanapigia picha lakini huku ni maji na ndege mmoja mweupe. Hajati akasoma dua, Mkongo akapiga msalaba, tukaendelea. Mbele yake tukaona kama moshi umesimama juu ya maji, mrefu kama mnara, nikadhani ni boti inaungua, nahodha akakata kona haraka akasema fungeni midomo. Ni wadudu. Wale inzi wadogo wa ziwani, mamilioni, wanatoka majini pamoja wanapanda juu wanacheza. Tulipita pembeni tu na bado nilitema watatu.

Ngamba tulifika saa tano imepita kidogo, sokwe wameshaanza kula. Kisiwa kile kiko kama kilomita 23 kutoka Entebbe, ekari 100 hivi, karibu chote ni msitu, na tangu 1998 wanawekwa hapo sokwe waliookolewa, wengi ni mayatima ambao mama zao waliuawa na wawindaji, wao wakauzwa wakiwa wadogo. Wamezidi hamsini sasa. Kwa nini kisiwa? Kwa sababu sokwe hajui kuogelea. Mhudumu aliposema hivyo wenzangu wote wakageuka wakaniangalia mimi. Asanteni.

Unasimama kwenye jukwaa la mbao, kuna uzio wa umeme, wao wanatoka msituni, matunda yanarushwa. Kuna mmoja mzee hakukimbilia kitu, alikaa tu akanyoosha mkono mmoja kama mtu anayeomba chumvi mezani, na akarushiwa. Mwingine alikusanya karoti mpaka mikononi hazitoshi akashika nyingine kwa mguu, akaondoka anachechemea na mzigo wake, mwenyekiti akasema huyo ndiye mweka hazina tunayemhitaji. Jioni wanarudi wenyewe kwenye nyumba yao wanapewa uji wanalala kwenye machela. Wanakula mbele ya wageni saa tano na tena saa nane na nusu, kwa hiyo ukichelewa ile ya kwanza usilie, panga siku yako iishie huko badala ya kuanzia huko. Na ukiwa na mafua baki nyumbani, magonjwa yetu yanawaingia. Binamu yangu muda wote alikuwa anatembea kimya, halafu tukiwa tunarudi botini akasema kwetu wazee wanasema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo, sasa nyinyi mmekwenda tezi na omo marejeo yamekuwa Ngamba. Alijifurahisha sana na hiyo. Aliirudia mara nne.

Kisiwa cha pili kilikuwa cha wavuvi, upande ule wa Koome, na hapa kulitokea kitu ambacho sikutegemea. Tulikuwa tunakaribia tunaimba, nyimbo za harusi, kwa Kiswahili, kwa sauti. Nikaona vijana ufukweni wanasukuma mitumbwi yao haraka haraka, wengine wanakunja nyavu wanakimbia nazo migombani. Nahodha akaanza kupiga kelele kwa Kiganda, si askari, si askari, ni akina mama! Kumbe jeshi liliingia ziwani 2017 kulinda uvuvi, likawa linachoma nyavu haramu na mitumbwi midogo, na jeshi linaongea lugha gani? Lugha yetu. Mimi nimekulia ndani ya hiyo lugha, kwangu ni lugha ya mama kunisuka nywele, na hapo nikaona mtu mzima anakimbia kwa sababu ameisikia. Serikali 2022 ilisema Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, vizuri, mimi nashangilia, lakini walimu wakifika visiwani waanze na salamu polepole.

Askari kweli alikuwepo, mmoja, amekaa kwenye kibanda. Akauliza nyinyi watu wa wapi, Hajati akamjibu, "Mwanangu, sisi ni watu wa njaa, samaki wako wapi?" Akacheka mpaka akavua kofia. Akatuonyesha mama mmoja anayekaanga. Tulikula ngege, yule samaki sato, mzima mzima na posho, ndiyo ugali, mikono inachuruzika mafuta, na chakula cha kwenye bei ya safari ambacho kilikuwa mikate na ndizi tukawapa watoto. Mukene, wale dagaa, walikuwa wameanikwa kila mahali, unatembea kama unapita kwenye zulia la fedha linalonuka. Pale sangara mmoja mkubwa alikuwa anapasuliwa, kijana akatoa lile bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, wanaita nuni, akaliweka pembeni kwa adabu kuliko alivyoweka samaki mwenyewe, akasema hilo linakwenda China, kwa uzito lina pesa kuliko nyama.

Haya, snokeli.

Baada ya chakula nahodha akatupeleka kwenye kijisiwa cha mawe tu, hakuna nyumba, ndege wamekipaka chokaa. Akatupa nanga maji kama mita tatu. Nikamuuliza mamba, akasema hapa hapana, nikamuuliza unajuaje, akasema mamba anapenda kwenye matete na mtelemko wa mchanga, hapa ni miamba mitupu, na mimi naoga hapa. Si jibu la kisayansi lakini aliniangalia machoni. Binamu akainama akaangalia maji, akanyamaza, akasema, "Dada, hili ni ziwa au supu ya mchicha?" Kwao Kisite anasema siku nzuri unaona chini mita kumi na zaidi, samaki wa njano, matumbawe kama kabichi, kasa. Hapa ukizamisha mkono mpaka kiwiko vidole vinaanza kuwa vya mtu mwingine.

Tuliingia watatu, yeye, mimi, na Mnubi mmoja ambaye haogopi kitu. Wengine walikuja kuangalia mtu wa Jinja akifa. Mweka hazina alitangaza kwamba yeye kichocho hawezi kukinunua kwa hela yake, atakaa hapo hapo mkavu.

Kwanza maski. Temea mate kwenye kioo, sugua, suuza, la sivyo itaingia ukungu. Nywele zote ziwe nje ya ile raba, unywele mmoja tu unaingiza maji, na mimi nilikuwa na rasta ndogo, hesabu mwenyewe. Mrija unauma kwa meno, midomo inafunika, unapumua polepole kwa mdomo, pua sahau kwamba unayo. Hiyo ya pua ndiyo ilinishinda. Niliweka uso majini, nikavuta kwa pua, maski ikabana uso kama kofi, nikashtuka, nikanyanyua kichwa, mrija ukaingia maji, nikayanywa. Nikasema natoka. Binamu akanishika nyuma ya jaketi, akasema hutoki, shika mwamba, pumua mara kumi ukiwa umesimama kichwa nje, mrija mdomoni, uzoee kwanza, halafu ndiyo uso. Kwa wageni wake anafanya hivyo kwenye maji ya kiunoni kabla hajawapeleka popote. Na jaketi usivue. Yeye mwenyewe alishangaa, ameogelea bahari maisha yake yote, hapa akawa anazama kidogo zaidi, kwa sababu chumvi ndiyo inakubeba na maji matamu hayakubebi hivyo. Alitoka amechoka, akaomba jaketi na yeye. Sikumcheka. Nilicheka baadaye.

Mara ya tatu nikatulia. Kijani. Kijani tu, na vitu vidogo vidogo vinaelea kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Nasikia pumzi yangu mwenyewe kwenye mrija kama mtu amelala. Nikawaza basi ndiyo hii, laki zangu. Halafu mkondo ukanisogeza kwenye mwamba, uso wangu kama futi mbili kutoka kwenye jiwe, na jiwe likawa na watu. Visamaki, vidogo kama kidole changu, vya kijivu, vya kahawia, wengine na milia, wananisoma soma pale, na mmoja akageuka ubavu mwanga ukampata, wallahi, bluu. Bluu ya kanga. Akaingia kwenye ufa, akatoka, akamfukuza mwenzake, akarudi kusimama mlangoni kwake. Nilikaa hapo sijui dakika ngapi. Binamu alinivuta mguu nikampiga teke.

Kaka yangu mkubwa amefanya kazi za samaki Jinja miaka mingi, nilimpigia usiku ule ule. Akasema hao ni nkejje, na zamani walikuwa aina mamia kwenye ziwa hili, hawapatikani mahali pengine duniani. Sangara alipoletwa miaka ya hamsini aliwamaliza wengi, hasa baadaye kwenye miaka ya themanini, lakini wa kwenye miamba wengine walipona kwa sababu lile jitu haliwezi kuingia kwenye nyufa. Na akaniambia jambo ambalo limenikaa. Dume anajulikana kwa rangi, jike anachagua kwa rangi. Sasa maji yakichafuka, udongo wa mashamba, uchafu wa miji yetu, mwanga haupiti, jike haoni rangi, anachagua hovyo, na aina mbili zinachanganyika zinakuwa moja ya kijivu. Nikasema kwa hiyo ile supu ya mchicha... Akasema ndiyo. Halafu akaniambia kuna ukoo mmoja wa visamaki hao wa miamba wanasayansi wameupa jina la Pundamilia, Kiswahili kabisa, na mmoja wao wa upande wa Mwanza amepewa jina la Nyerere. Kuna samaki anaitwa kwa lugha yangu kwenye vitabu na mimi nilikuwa sijawahi kuingiza uso majini.

Tulipotoka upepo ulikuwa umeshabadilika. Saa tisa hivi. Asubuhi ziwa lilikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi, sasa limejaa meno madogo meupe. Kusini kukawa na wingu jeusi limekaa chini. Binamu akasema mawimbi ya huku ni mabaya kwa namna yake, ya bahari yanakuja marefu unayapanda unayashuka, haya ni mafupi, moja halijaisha lingine limekupiga. Nahodha akasema jamani kisiwa cha tatu tuache, turudi. Hapo ndipo vita vilianza, maana kisiwa cha tatu ndicho kile cha kwenye tangazo, mchanga mweupe, minazi, viti vya kulalia, na watu walikuwa wamenunua nguo kwa ajili ya hicho. Mweka hazina akasema tumelipia vitatu, nyinyi mlichelewa na mafuta yenu asubuhi, sasa mnaleta habari ya mawingu. Na alikuwa na haki! Tungeondoka saa moja tungekuwa kule tangu saa saba. Lakini haki yako haizuii wimbi. Hajati akasema neno moja, nyumbani, na nahodha akageuza.

Tuliloa. Turubai halikusaidia chochote, maji yalikuja ya pembeni. Hakuna aliyeimba. Nahodha alipunguza, akawa anayachukua mawimbi kwa ubavu wa mbele, polepole, injini inapiga kelele ikitoka nje ya maji. Saa moja na nusu badala ya dakika hamsini. Hao ndio watu nawasifu siku ile, yule nahodha na vijana wake, tuliwachangia tukashuka. Kampuni nayo, ile ya tangazo, tuliomba waturudishie cha kisiwa cha tatu, wakasema hali ya hewa ni ya Mungu. Tukauliza na mafuta ya saa mbili asubuhi ni ya nani? Mpaka leo hawajajibu.

Asubuhi yake nilikimbilia kliniki ya mwenzetu mmoja pale Namuwongo, nipe prazi, ile dawa ya kichocho, nimeogelea ziwani. Akaniambia kaa chini. Dawa ile haiui vijidudu vikiwa bado vichanga, ukinywa leo umejidanganya, subiri wiki sita mpaka nane ndiyo umeze. Na akaniuliza mliingilia wapi majini. Nikamwambia kwenye miamba, mita tatu, mbali na nchi. Akasema huko ni afadhali, si salama kabisa lakini afadhali, wale konokono wanaobeba kichocho wanapenda pembeni, kwenye majani, kwenye matete, mahali watu wanapandia boti. Mlipandaje boti?

Kwa hiyo wiki ya nane, Jumapili, tulikutana kwa mwenyekiti. Unameza ukiwa umeshiba, kwa hiyo tulipika matoke na nyama kwanza. Vidonge ni vikubwa na vichungu, nesi alitupima uzito mmoja mmoja na kuhesabu vya kila mtu, na Hajati peke yake, yule aliyebebwa mgongoni, akaambiwa yeye aendelee tu na chai yake. Mweka hazina alipata vinne na nusu. Alivitazama kwenye kiganja muda mrefu, akasema lakini mimi sikuogelea, na nesi akasema nnyabo, miguu yako ilifika pale ikitembea yenyewe.